Kongamano Lisilo na Mgeni wa Heshima

Mpenzi msomaji, ukialikwa kwenye kongamano hapa kwetu unajua fika mambo yatakavyokuwa. Kutakuwa na meza ya mbele iliyotandikwa kitambaa, maua ya plastiki, na viti vya wakubwa. Kutakuwa na sala, kisha utambulisho unaokula nusu ya asubuhi, halafu mgeni wa heshima atakayewasili saa mbili baada ya wakati uliotangazwa. Wewe kazi yako ni kupiga makofi na kungoja chakula.

Leo nataka nikupeleke kwenye kongamano ambalo halina hata kimoja cha hivyo.

Nilitoka kwetu Chechelesi, Isiolo, nikapanda gari la saa nane za usiku. Mkobani nilikuwa na daftari na kompyuta ya mkononi iliyokwisha kutumiwa na watu wawili kabla yangu. Nauli ya kurudi niliificha ndani ya soksi. Nanyuki, Karatina, Thika. Kilomita zipatazo 285 hadi Nairobi, na usingizi haukunijia hata kidogo. Nilikuwa nimesikia kwamba wapenzi wa lugha za kompyuta watakutana huko. Sizungumzii Kiingereza wala Kifaransa, bali zile lugha ambazo binadamu huzitumia kuiandikia kompyuta maagizo: Python, Ruby, Lua na nyinginezo.

Nilipoingia ukumbini nilitafuta ratiba. Ukutani palikuwa na karatasi kubwa iliyochorwa miraba, saa upande mmoja na majina ya vyumba upande wa pili. Miraba yote ilikuwa mitupu. Nikadhani nimekosea siku!

Kumbe siku ndiyo yenyewe. Dada mmoja alisimama, akatugawia vipande vya karatasi na kalamu za wino mzito, akasema kila mwenye jambo aliandike, alitaje kwa sauti, kisha akalibandike ukutani penye saa anayoitaka. Baada ya nusu saa ratiba ya siku nzima ilikuwa tayari, nayo imeandikwa na wasikilizaji wenyewe.

Huenda ukadhani hayo ni mambo ya kizungu. Sikiliza basi. Mmarekani mmoja, Harrison Owen, alitumia muda mwingi mno kuandaa mkutano mkubwa uliofanyika mwaka 1983. Ulipokwisha, yeye pamoja na washiriki walikubaliana kwamba kilichowafaa zaidi ni mapumziko ya kahawa! Ndipo akakumbuka kijiji cha Balamah, nchini Liberia, alikowahi kuhudhuria sherehe ya vijana kupita jandoni. Sherehe ilichukua siku nne, watu wapatao mia tano walishiriki, na wala hakuona kamati ya maandalizi. Watu walikusanyika kwa duara, mambo yakaenda. Mwaka 1985 akaufanya utaratibu huo kuwa mtindo wa mkutano huko California. Kwa hiyo unapoketi katika duara hilo, msomaji, usijione mgeni. Wazee wetu chini ya mti hawajawahi kubandika ratiba.

Miaka ishirini baadaye, Agosti 2005, vijana wa kompyuta wa Palo Alto walifanya mkutano wa namna hiyo wakauita BarCamp. Jina likasambaa duniani, na mwaka 2008 Nairobi nayo ilikuwa na BarCamp yake, karibu miaka miwili kabla ya iHub kufunguliwa katika Barabara ya Ngong. Hata makongamano yenye ratiba kamili, kama ule mkutano wa kwanza wa PyCon Africa uliofanyika Accra mwaka 2019, au DjangoCon Africa wa Zanzibar mwaka 2023, hayaogopi kumpa mshiriki wa kawaida dakika zake chache za kusema alichonacho.

Miguu miwili

Sheria za mikutano hii ni chache. Waliofika ndio wanaotakiwa, hata wakiwa watatu. Mazungumzo yakiisha, yameisha. Hakuna haja ya kujaza saa. (Ipo nyingine isemayo kwamba muda wowote mtakaoanza ndio muda wenyewe. Hiyo sisi Waafrika tuliitii hata kabla haijaandikwa.) Kubwa zaidi ni ile ya miguu miwili: ukiona hapo ulipo hujifunzi wala huchangii, inuka uende chumba kingine, na wala hutahesabiwa kuwa huna adabu. Mimi ilinichukua hadi saa sita mchana kuthubutu kumpa mtu mgongo akizungumza. Malezi hayasahauliki upesi.

Katika BarCamp kuna desturi moja zaidi, nayo inakuhusu wewe mwanafunzi unayependa kuketi nyuma: anayehudhuria kwa mara ya kwanza hutakiwa naye aongoze mazungumzo. Hashurutishwi, lakini huombwa kwa dhati.

Mimi sikuongoza. Hapo ndipo nilipopotea.

Alasiri kadi moja ukutani iliuliza kama inafaa kuwa na lugha ya programu ya Kiswahili. Nikaenda mbio. Lugha ya namna hiyo ipo, inaitwa Nuru, na maagizo yake ni maneno kama andika, kama, sivyo, wakati na rudisha. Chumba kiligawanyika. Upande mmoja ulisema ni kujisumbua bure, kwani Python ina maneno maalumu yapatayo 35 tu, na mtoto aliyekariri mashairi hashindwi na hayo. Wakaongeza kwamba Lua ilitungwa Rio de Janeiro, Brazil, mwaka 1993 na jina lake ni la Kireno lenye maana ya mwezi, lakini maagizo yake ni ya Kiingereza. Ruby ya Mjapani Yukihiro Matsumoto, iliyotolewa mwaka 1995, ni vivyo hivyo. Upande wa pili ukajibu kwamba mtoto anayeanza hubebeshwa mizigo miwili kwa pamoja, wa kufikiri na wa kutafsiri.

Nami nilikuwa na jibu ambalo hakuna mwingine mle ndani aliyekuwa nalo. Kila Jumamosi pale Chechelesi huwafundisha watoto wa majirani. Nyumbani wengine husema Kiborana, wengine Kiturkana, Kisomali au Kimeru, na Kiswahili ndicho kinachotukutanisha. Nilikuwa nimewaonyesha neno wakati, ambalo huiamuru kompyuta irudie kazi maadamu sharti fulani linatimia. Msichana mmoja akakodolea kioo macho kwa dakika nzima. Nikamwuliza anangoja nini. Akajibu, "Nangoja itwambie ni saa ngapi."

Nilikaa kimya na habari hiyo kinywani. Niliwaona wamevaa vitambulisho vya kampuni, Kiingereza kinawatiririka, nikajiona mtu wa kijijini mwenye kompyuta kuukuu. Mazungumzo yakaisha, watu wakaenda kunywa chai. Usiku ule ndani ya gari, tangu Thika hadi Isiolo, nilijibu hoja zote, tena vizuri ajabu, nikikijibu kioo cha dirisha.

Kadi yangu

Mwaka uliofuata nilirudi. Karatasi zilipogawiwa mkono ulinitetemeka, lakini niliandika: "Mtoto aliyengoja saa". Nikabandika saa nane mchana, baada ya chakula, saa ambayo hakuna anayeitaka. Walikuja watu wanne.

Sijawahi kuwa na saa nzuri kama ile. Mmoja wao, mwalimu kutoka pwani, alisema neno lifaalo ni maadamu. Mwingine akacheka, akasema watoto wa Isiolo watadhani ni jina la mtu. Wa tatu alitetea wakati, akidai kwamba hata Waingereza walichukua neno la muda, na watoto wao walizoea. Wa nne hakusema neno, ila aliandika yote. Hatukuafikiana. Nilipewa kazi ya kuyajaribu maneno yote mawili nyumbani na kuwaletea majibu.

Jumamosi iliyofuata niliyaandika ubaoni, wakati na maadamu, nikaeleza kila moja lingefanya nini. Yule msichana, sasa amerefuka kidogo, aliyatazama yote mawili, akaomba chaki. Chini yake akaandika la kwake: bado.

"Bado haijafika kumi, endelea," akasema. "Si ndivyo mama anavyosema tukichota maji?"

Neno hilo ninalo daftarini, nangoja kongamano lijalo.