Programu za Matangazo katika Kompyuta: Ziingiavyo na Ziondolewavyo

Mji wa Namtumbo uko kilomita zipatazo 70 mashariki ya Songea, kando ya barabara iendayo Tunduru. Tangu wilaya yake ilipoundwa mwaka 2002, kwa kumegwa kutoka iliyokuwa Wilaya ya Songea Vijijini, kompyuta zimeingia katika ofisi zake, katika shule za sekondari, katika chuo cha ufundi cha VETA, na katika maduka ya stesheneri ambamo watu huchapisha barua, hutoa nakala za vyeti na kutuma maombi ya kazi na ya vyuo. Katika mji wa namna hiyo ni nadra kompyuta kuwa chombo cha mtu mmoja. Ile ya shule hutumiwa na walimu wote. Ile ya stesheneri hupokea flashi za mtaa mzima. Kwa sababu hiyo, tatizo tutakalolieleza katika makala haya, ambalo kwa mtu mwenye kompyuta yake nyumbani huenda likawa kero tu, hapa huwa ni hasara ya wengi.

Tatizo hilo ni la programu za matangazo. Dalili zake hazifichiki. Mwalimu hufungua kivinjari, yaani ile programu ya kusomea kurasa za intaneti, akakuta ukurasa wa kwanza si ule aliouzoea. Akitafuta neno, hupelekwa kwenye mtambo wa kutafutia asioujua. Pembeni mwa kioo huchomoza visanduku vya bahati nasibu, vya mikopo, na hata vya maonyo kwamba kompyuta ina virusi na kwamba dawa yake inauzwa papo hapo. Mashine huwa nzito. Lililo baya zaidi, kwa mtu anunuaye intaneti kwa vocha, ni kwamba bando la wiki humalizika kwa siku mbili, kwa kuwa picha na video za matangazo hushushwa kwa gharama yake yeye, awe amezitazama au hakuzitazama.

Wengi huiita hali hiyo "virusi". Yafaa tutofautishe. Kirusi cha kompyuta ni programu ijinakiliyo yenyewe. Kile kilichoitwa Brain, ambacho kilitungwa na ndugu wawili wa mji wa Lahore, Pakistan, mwaka 1986, kilijipachika katika sehemu ya diski isomwayo kwanza wakati mashine inapowashwa, kisha kikahamia katika diski nyingine zilizotiwa humo bila kumwuliza mtu. Programu ya matangazo aghalabu haifanyi hivyo. Hiyo hupita mlangoni, na mlango hufunguliwa na mwenye nyumba. Mahali fulani, siku fulani, mtu alibofya "Ndiyo", au "Endelea", au "Ruhusu". Kwa hiyo kuiondoa programu ya matangazo ni kuitafuta idhini iliyokwisha kutolewa na kuitangua.

Msomaji atauliza: ni nani ajitaabishaye kuitafuta idhini ya mwalimu wa Namtumbo? Jibu ni kwamba hii ni biashara. Mtengenezaji wa programu ndogo ya bure, tuseme ya kuchezea video, hulipwa kila mara programu yake inapoingia katika kompyuta mpya ikiwa imebeba abiria wa kampuni ya matangazo. Watafiti wa Google na wa Chuo Kikuu cha New York waliichunguza biashara hiyo, na mwaka 2016 walieleza kwamba malipo yalikuwa kati ya senti 10 za Kimarekani na dola moja na nusu kwa kila kompyuta. Walieleza pia kwamba mfumo wa ulinzi wa Google ulikuwa ukikutana na majaribio zaidi ya milioni 60 kila wiki ya kupakua programu za namna hiyo. Senti 10 ni kitu kidogo, lakini senti 10 mara milioni si kitu kidogo.

Tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kidato cha nne atafutaye mitihani ya fizikia ya miaka iliyopita. Hapiti kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania. Huandika maneno yake kwenye mtambo wa kutafutia na kufuata jibu la kwanza. Ukurasa anaoupata una vitufe vitatu vikubwa vya kijani vilivyoandikwa "Pakua". Vitufe hivyo ni matangazo. Kiungo cha kweli ni mstari mdogo wa maandishi chini yake. Akibofya kitufe, hupata faili liishialo kwa herufi "exe", ambalo ni programu, ilhali karatasi ya mtihani huwa ni faili la "pdf". Tofauti hiyo ya herufi tatu ingetosha kumwokoa, lakini mfumo wa Windows huzificha herufi hizo usipouagiza uzionyeshe, jambo ambalo mimi sijapata kuona faida yake. Basi mwanafunzi hulifungua faili. Hapo huulizwa kama anataka njia ya haraka au njia ya kuchagua. Katika njia ya haraka abiria wote huingia. Katika njia ya kuchagua huonekana visanduku ambavyo tayari vimetiwa alama ya kukubali, na mtu makini huweza kuziondoa. Tujue basi kwamba neno "haraka" hapo limewekwa kwa makusudi.

Mlango wa pili ni wa siku za karibuni zaidi. Ukurasa humwambia msomaji: "Bofya Ruhusu ili kuthibitisha kwamba wewe si roboti." Neno hilo halina uhusiano wowote na roboti. Kinachoruhusiwa ni tovuti hiyo kutuma arifa kwenye kioo chako wakati wowote, hata ukiwa umekwisha kuufunga ukurasa wake. Mara nyingi lile onyo la "kompyuta yako ina virusi" hutoka hapo, na wala hakuna programu iliyoingia.

Mlango wa tatu ni programu zilizovunjwa kufuli. Fundi huwa na flashi iliyojaa programu za kulipia zitumikazo bila malipo, pamoja na kijiprogramu cha kutengeneza ufunguo wa bandia. Maelekezo yake huanza kwa kumtaka mtumiaji azime kinga ya kompyuta. Mgeni akuagizaye umfunge mbwa kabla hajaingia amekwisha kujieleza.

Uko pia mlango wa nne, ambao mnunuzi haufungui yeye mwenyewe. Kuanzia mwaka 2014 kampuni ya Lenovo iliuza baadhi ya kompyuta zake za mapajani zikiwa tayari na programu ya matangazo iitwayo Superfish. Yafaa tukae kidogo juu ya kisa hiki, kwa maana kinaonyesha kwamba hatari haiishii kwenye kero. Unapofungua tovuti ya benki, mazungumzo yenu hufungwa kwa hesabu za siri, na kompyuta yako huitambua benki kwa cheti kilichotolewa na mamlaka inayoiamini. Superfish ilijiingiza yenyewe katika orodha ya mamlaka hizo. Hivyo iliweza kusimama katikati, ikafungua bahasha zilizofungwa, ikatia matangazo yake, na kuzifunga tena. Tena ufunguo wake wa siri ulikuwa ni mmoja kwa kompyuta zote. Februari 2015 mtaalamu wa usalama Robert Graham aliupata ufunguo huo kwa muda wa saa chache tu. Na yeyote mwenye ufunguo huo aliweza kujifanya benki mbele ya kompyuta hizo. Jambo la kuangalia sana ni kwamba watu walioiondoa programu kwa njia ya kawaida walikuta cheti chake kimebaki. Mgeni ametoka, nakala ya ufunguo iko mfukoni mwake. Lenovo ilitoa chombo cha kuondoa vyote viwili, na mwaka 2017 ikafikia mapatano na tume ya biashara ya Marekani. Upande wa simu, mwaka 2020 kampuni ya usalama ya Upstream ilieleza kwamba simu za bei nafuu aina ya Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia na katika nchi nyingine za Afrika, zilikutwa na programu zilizomaliza salio na bando la wenyewe kwa siri. Watengenezaji wa simu hizo walisema kosa lilitokea kwa mmoja wa wagavi wao.

Tuje sasa kwenye tiba. Mkulima wa mahindi anajua kwamba kiduha hunyonya mizizini kabla hakijachomoza juu ya ardhi. Kadhalika kukifunga kisanduku cha tangazo hakuondoi kitu. Lakini pia si sahihi kukimbilia kufuta kila kitu. Mwanafunzi wa fizikia atafutaye hitilafu katika saketi hachomoi nyaya zote kwa pamoja. Hutenga sehemu moja moja. Sisi nasi tufanye hivyo.

Kwanza, fungua ukurasa ule ule kwa kompyuta nyingine au kwa simu. Matangazo yakiwa ni yale yale, basi ni ya tovuti yenyewe na kompyuta yako haina ugonjwa.

Pili, kitazame kisanduku kinachochomoza pembeni. Kikiwa kimeandikwa jina la tovuti, hiyo ni arifa. Kivinjari cha Chrome huweza kuwekwa katika Kiswahili, na humo utafuata Mipangilio, kisha Faragha na usalama, kisha Mipangilio ya tovuti, kisha Arifa. Utaona orodha ya tovuti ulizoziruhusu. Ondoa kila usiyoitambua. Kazi hii huchukua dakika mbili, na kwa maoni yangu ndiyo iponyayo kompyuta nyingi siku hizi.

Tatu, kama tatizo lingali lipo, jaribu kivinjari kingine katika mashine hiyo hiyo. Kikiwa salama, ugonjwa uko ndani ya kile cha kwanza, aghalabu katika viendelezi, yaani vijiprogramu vinavyopachikwa kwenye kivinjari kwa ahadi ya kusaidia kupakua video au kugeuza faili. Viondoe, kisha rejesha mipangilio ya kivinjari katika hali yake ya mwanzo. Iwapo kompyuta ni yako mwenyewe na bado Chrome inasema kwamba "inasimamiwa na shirika", huenda ikawa programu ya matangazo imejiandikia amri za msimamizi ili kiendelezi chake kisiondoleke. Hapo hapana budi kutumia chombo maalumu tutakachokitaja.

Nne, vivinjari vyote vikiwa vimeathirika, mgeni yumo katika kompyuta kwa jumla. Fungua orodha ya programu zilizowekwa, uipange kwa tarehe, uangalie zilizoingia siku tatizo lilipoanza. Ni nadra abiria kuingia peke yake. Wawili au watatu huwa na tarehe moja. Waondoe, uzime mashine na kuiwasha upya. Chunguza pia zile alama za kufungulia vivinjari zilizo kwenye kioo: wakati mwingine mwisho wa anwani yake huongezwa jina la tovuti, ili kila unapofungua upelekwe huko. Dawa yake ni kuifuta alama hiyo na kutengeneza nyingine.

Baada ya hapo pitisha ukaguzi wa Microsoft Defender, ambayo huja ndani ya Windows 10 na 11 bila malipo. Hakikisha kwamba sehemu yake ya kuzuia programu zisizotakiwa imewashwa. Chombo maalumu nilichokiahidi ni AdwCleaner, programu ndogo ya bure ya kampuni ya Malwarebytes, ambayo haitamaliza bando lako. Lakini ichukuliwe kwenye tovuti ya kampuni hiyo na si kwingineko, kwa sababu ukitafuta dawa ya matangazo utajibiwa kwanza na matangazo. Yote yakishindikana, nakili nyaraka zako peke yake, pasipo programu, kisha uweke Windows upya. Neno la siri la barua pepe na la huduma za fedha libadilishwe pia, na kwa kompyuta nyingine iliyo safi.

Katika kuzuia, hatua moja inapita nyingine zote kwa shule: kompyuta iwe na akaunti mbili. Moja ya msimamizi, ambayo neno lake la siri linajulikana na mwalimu mmoja au wawili. Nyingine ya kawaida, kwa kazi za kila siku. Katika akaunti ya kawaida, programu zitakazo kuingia katika mashine nzima zitadai neno la siri. Haizuii arifa wala viendelezi, lakini uharibifu hubaki upande mmoja.

Suala la programu zilizovunjwa kufuli ni gumu zaidi, kwa kuwa chanzo chake ni bei. Nadhani hatuwatendei haki mafundi wetu tunapowalaumu bila kuwaonyesha njia nyingine. LibreOffice huandika barua, hupiga hesabu za majedwali na kufungua nyaraka nyingi za Microsoft, na ni ya bure kihalali. VLC hucheza karibu kila aina ya video, nayo ni ya bure. Mashine kuukuu zingali zikitumia Windows 7, ambayo iliacha kupewa marekebisho ya usalama Januari 2020, huweza kutumia mfumo wa Linux, na programu nyingi za matangazo zilizotungwa kwa ajili ya Windows hazifanyi kazi humo.

Kwa kuwa kupakua vitu hivi kunakula bando, shule jirani zaweza kushirikiana. Mwalimu mmoja aendapo Songea azipakue mara moja kutoka kwa watengenezaji wenyewe, azitie katika flashi moja, na flashi hiyo isitumike kwa kazi nyingine. Nyaraka za kuchapisha stesheneri zichukuliwe kwa flashi nyingine, nayo ikirudi ikaguliwe na Defender kabla ya kufunguliwa.