Udhibiti wa mwani katika bwawa la samaki

Udhibiti wa mwani katika bwawa la samaki ni kazi ya kuweka kiasi cha mwani majini katika kipimo kinachowafaa samaki. Mwani mdogo usioonekana kwa macho ndio unaoyapa maji rangi ya kijani. Ni chakula cha samaki kama sato (Oreochromis niloticus), tena hutoa oksijeni mchana. Lakini ukizidi unaweza kuua samaki wa bwawa zima kwa usiku mmoja. Kwa hiyo lengo la mfugaji si kuumaliza, bali kuuzuia usipite kiasi.

Chanzo

Mwani huhitaji mwanga wa jua na virutubishi, hasa nitrojeni na fosforasi. Katika bwawa virutubishi hivyo hutoka kwenye samadi, mabaki ya chakula na kinyesi cha samaki. Vingine huletwa na maji ya mvua. Katika maeneo ya vilima ya mkoa wa Kagera, kama kata ya Kimuli katika Wilaya ya Kyerwa, bwawa lililochimbwa bondeni hupokea maji yanayoteremka kutoka kwenye migomba, mashamba ya kahawa na mazizi.

Madhara

Mchana mwani hutengeneza chakula chake kwa usanisinuru na kutoa oksijeni. Usiku haufanyi hivyo, bali hutumia oksijeni pamoja na samaki na bakteria. Ndiyo maana oksijeni huwa chache kuliko wakati wowote karibu na mapambazuko. Samaki wanaopanda juu na kuhema alfajiri wanaonyesha dalili hiyo. Kambale (Clarias gariepinus) huvumilia zaidi kwa sababu anaweza kuvuta hewa, lakini sato hufa.

Mchana wa jua kali mwani mwingi huondoa dioksidi ya kaboni majini na kupandisha pH. Hapo amonia iliyomo huwa sumu kali zaidi kwa samaki. Aina nyingine, sianobakteria kama Microcystis, huweza kutoa sumu inayodhuru watu na mifugo wanaokunywa maji hayo.

Kupima

Wataalamu hutumia sahani ya Secchi, yaani kisahani cheusi na cheupe kinachozamishwa kwa kamba hadi kisionekane. Katika bwawa lenye mwani wa kutosha hupotea kwenye kina cha sentimita 30 hivi. Asiye nacho huzamisha mkono wima: kiganja kikipotea kabla kiwiko hakijafika majini, mwani umezidi.

Njia za kudhibiti

* Kuwapa samaki chakula wanachokimaliza, na kuacha kuweka samadi maji yanapokuwa ya kijani kizito.
* Kuchimba mfereji juu ya bwawa ili maji ya mvua yapite kando.
* Kuchimba kingo ziwe na kina, kwa sababu mwani wa nyuzi huota pale ambapo mwanga hufika chini.
* Kuutoa mwani wa nyuzi kwa reki au wavu na kuutupa mbali na bwawa.
* Kupunguza maji ya chini, yenye uchafu mwingi, na kuongeza maji safi.

Samaki wakianza kuhema, mfugaji husimamisha chakula na samadi, kisha huingiza maji safi yakianguka kutoka juu ili yachukue hewa.

Dawa kama salfeti ya shaba huua mwani, lakini mwani uliokufa wote kwa mara moja huoza na kumaliza oksijeni. Shaba yenyewe pia ni sumu kwa samaki, hasa katika maji yenye chokaa kidogo. Virutubishi vikibaki, mwani hurudi.

Nje ya bwawa

Maji yanayotolewa bwawani huendelea kubeba virutubishi. Mito ya Kyerwa humwaga maji katika Mto Kagera, ambao ni mkubwa kuliko mito yote inayoingia Ziwa Viktoria, na ziwa hilo tayari husumbuliwa na sianobakteria. Gugu maji nalo liliingia ziwani kupitia mto huohuo, kwa hiyo halifai kupandwa bwawani ili kuzuia mwanga. Maji ya bwawa yakielekezwa kwenye bustani ya mboga au migomba, virutubishi hutumika shambani badala ya kufika mtoni.