Land Rover inavuja? Ziba kabla ya safari ya ugenini

LIGI ikikolea, siyo miguu ya wachezaji pekee inayochoka. Hata magari ya mashabiki yanachoka. Leo Land Rover imepaki nje ya Uwanja wa Benjamin Mkapa, wiki ijayo ina safari ya Sokoine, Mbeya, zaidi ya kilomita 800, inapanda Mlima Kitonga ikiwa imejaza watu na vuvuzela zao.

Kwa hiyo kabla hamjachangishana hela ya mafuta, awe wa Msimbazi au wa Jangwani, mmoja wenu ainame achungulie chini ya gari. Akiona oili nzito yenye harufu kali inadondoka katikati ya gari, msijifariji kwamba Land Rover zote ndivyo zilivyo. Huenda sili ya nyuma ya transfa kesi imekwisha.

Transfa kesi ni ile gia boksi ndogo iliyoungwa na gia boksi kubwa. Inafanya kazi ya kiungo mchezeshaji: inapokea nguvu ya injini na kuigawa mbele na nyuma. Pale nguvu inapotokea kwenda nyuma pana sili, duara la mpira lenye mdomo mwembamba unaozuia oili isitoke. Joto, vumbi na umri vikiukakamaza mpira huo, oili inapenya.

Breki ya mkono nayo inaondoka

Kwenye Defender za zamani hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu breki ya mkono haiko kwenye matairi. Drami yake imefungwa palepale nyuma ya transfa kesi. Oili ikipita kwenye sili inaingia kwenye drami na kulowesha shuu za breki. Unavuta mkono mpaka mwisho, gari bado linateleza. Sasa fikiria mmesimama mteremko wa Kitonga, watu wameshuka kunyoosha miguu mbele ya gari.

Land Cruiser nyingi za sasa zina breki ya mkono kwenye matairi ya nyuma, lakini nazo zisibweteke. Oili ikiisha, gia zinasagana, na bili inahama kutoka sili moja hadi transfa nzima.

Benchi la ufundi

Chang'ombe hakuna uhaba wa mafundi. VETA wanaofundisha ufundi magari wako hapahapa, na gereji zipo za kutosha. Lakini hata ukimwachia fundi, jua anachotakiwa kufanya.

Kwanza, gari lisimame sehemu tambarare na matairi yawekewe vigingi mbele na nyuma. Hili halina mjadala. Propela ya nyuma ikishafunguliwa kwenye Defender, breki ya mkono haishiki tairi hata moja.

Pili, akague bomba la kupumulia la transfa kesi. Likiziba kwa tope, hewa ya moto inakosa pa kutokea na kuisukuma oili kwenye sili. Ukibadili sili na kuliacha bomba limeziba, itavuja tena.

Baada ya hapo oili inamwagwa, inatoka propela, inafuata drami, kisha nati ya katikati na flenji. Sili ya zamani inang'olewa taratibu bila kukwaruza nyumba yake.

Hapa ndipo wengi wanafungwa bao la kizembe. Pitisha ukucha kwenye flenji, pale mdomo wa sili unapogusa. Ukinasa kwenye mfereji, flenji imelika. Sili mpya juu ya flenji iliyolika ni hela ya bure, badilisha vyote.

Sili mpya ipakwe oili mdomoni, igongwe pole pole pande zote iingie sawa. Nati iwe mpya, maana inajikaza yenyewe na ya zamani huwa imelegea. Drami isafishwe, na shuu zilizolowa oili zibadilishwe, zisichomwe moto ili zirudishwe.

Mwisho, oili ya EP90 ijazwe mpaka ianze kutoka kwenye tundu la kupimia. Futa kila kitu kikauke, endesha mpaka Mbagala na kurudi, chungulia tena. Kisha tafuta kimwinuko, vuta breki ya mkono, uachie ya mguu huku umeuweka tayari. Gari likitulia, waambie wenzako wapakie vuvuzela.