Umeuza Hisa? Usiandike Mtaji Kuwa Faida

Ukishuka pantoni ya Kigamboni pale Kivukoni, ukaacha nyuma kelele za soko la samaki na kufuata barabara ya Sokoine, utalipita Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Na katika barabara hiyo hiyo zimo ofisi za Mamlaka ya Mapato. Huko ndiko alikokwenda mzee mmoja wa kijijini kwetu, karatasi mfukoni, moyo ukimdunda. Aliuza hisa zake apate ada ya mjukuu, na jirani akamtisha kwamba theluthi yote itachukuliwa na kodi.

Karatasi ile ni taarifa ya dalali wa hisa. Haya, tuisome pamoja.

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kazi ya kuuza na kununua mwezi Aprili 1998, likiwa na kampuni moja tu, TOL. Mwaka 2009 benki ya CRDB iliwauzia wananchi hisa kwa shilingi 150 kila moja. Tuseme ulinunua 1,000. Ulitoa shilingi 150,000. Tuseme tena umeziuza kwa shilingi 500 kila moja. Taarifa itaonyesha 500,000, na chini yake ada ya dalali, ya soko, na nyinginezo; tuzifanye 10,000. Mkononi wapokea 490,000. Je, faida ni ipi? Ni 340,000 tu, maana zile 150,000 ni fedha yako mwenyewe iliyorudi nyumbani. Mzee wetu alikuwa ameandika tarakimu ya juu yote kuwa pato. Nami karani niliyemjazia fomu sikuliona kosa, aibu yangu!

Bahati njema, kwa Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mkaaji wa Tanzania akiuza hisa zilizoorodheshwa katika soko hilo, faida yake haitozwi kodi ya mauzo ya rasilimali. Mzee alirudi na ada yake kamili. Lakini hisa za kampuni isiyoorodheshwa ni habari nyingine. Huko faida hutozwa, na muuzaji mkaaji hutanguliza asilimia 10 ya faida. Katika mfano wetu, 34,000. Bila hati ya kununulia, utathibitishaje kwamba ulitoa 150,000? Na anayenunua na kuuza kila juma kama kazi yake, huyo huhesabiwa mfanyabiashara.

Gawio nalo lina mstari wake. Kwa kampuni za sokoni hukatwa asilimia 5 kabla halijakufikia, na kodi hiyo imekwisha. Usiilipe mara ya pili.

Mwenye mtoto Marekani amwambie hivi: huko kila mauzo huandikwa, bei ya kununua kando ya bei ya kuuza. Kwa hisa zilizonunuliwa kabla ya 2011, dalali hakulazimishwa kuipeleka serikalini bei ya kununulia. Nafasi ile yaweza kuwa tupu, na kijana lazima aijaze mwenyewe.

Ukimwendea dalali, chukua kitambulisho, uombe taarifa tangu siku ya kwanza uliponunua. Ile ya siku ya mauzo pekee haionyeshi ulinunua kwa kiasi gani.