Hiyo Sio Uchafu, Msee

Msee akiingia kliniki yetu huku Donholm, mi humcheki mkono kwanza. Kama ako na ile tabia ya kufunika mdomo akicheka, siulizi ametoka wapi. Mara mob ni Njoro, Naivasha, Gilgil, hizo side. Najua ju hata mimi nimezaliwa Njoro, na huo mkono nilikuwa nao kwa mdomo toka darasa la nne mpaka nikamaliza sekondari.

Wera yangu ni asistanti wa dokta wa meno. Naseti vyombo, nachanganya dawa za kujaza, nashika ile mrija ya kunyonya mate. Tangu tuanze kung'arisha meno simu haitulii. Kuna wenye wanadai meno ya TikTok. Mwingine ako na harusi Jumamosi na anapiga Alhamisi. Kuna dem aliandikwa hoteli, kazi yake ni kupokea wageni, na alikuwa amejifunza kucheka na macho peke yake. Sioni mapepe yoyote hapo. Wenye husema ni mapepe hawajawahi ogopa kusoma kwa sauti mbele ya darasa.

Lakini wacha nikuchanue vile hufanyika, ndio usichezwe.

Dokta hagusi jeli kama hajacheki mdomo mzima. Jino likiwa na shimo, limepasuka, ama ufizi unatoa damu, hiyo inatibiwa kwanza, ju jeli ikipenya hapo utaona nyota mchana. Alafu anatoa ugaga. Nimeona wasee wakishatolewa ugaga wanajicheki kwa kioo, wanasema wametosheka, na dokta anawaacha waende na doo yao mfukoni. Hapo ndio nilianza kumheshimu.

Ukiendelea, tunatoa kaubao ka vimeno 16 vya rangi tofauti, A1 mpaka D4, tunakaweka kando ya meno yako ndio tujue umeanzia wapi. Jeli yenyewe ni haidrojeni peroksaidi. Haikwaruzi. Inaingia ndani ya jino na kuvunja zile chembe za rangi zimeachwa na chai, fegi, muguka na miaka. Ya kliniki ni kali, inaweza fika asilimia 40, so tunafunika ufizi na utomvu fulani hugandishwa na taa. Jeli ikigusa ufizi inauchoma hadi unakuwa mweupe. Dokta anapaka, mnangoja kama robo saa, anafuta, anapaka tena. Ile taa kubwa ya bluu watu hupostia haiongezi mengi; kazi ni ya jeli.

Mi ningekuambia uchukue trei ya kejani. Waliandika kuihusu 1989, madaktari wawili wa Marekani, Haywood na Heymann. Inachongwa kulingana na meno yako, unaweka jeli ya kabamaidi peroksaidi asilimia 10, unadoz nayo kama wiki mbili. Inaenda polepole, na jino haliumii sana. Hata hivyo siku kadhaa maji baridi yatakupiga kama stima, alafu inaisha. Jino la bandia na mahali palijazwa hapabadiliki rangi, hiyo ujue mapema. Mathe mjamzito na mayut wa chini ya miaka 18, dokta wetu huwaambia wangoje.

Sasa watu wangu wa Bonde la Ufa. Mawe ya volkeno huko yamejaa floraidi, na inaingia kwa maji ya boholi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita; boholi kibao za kwetu zinapita hapo. Mtoi akikunywa hayo maji kabla afikishe kama miaka 8, wakati meno ya ukubwani yanajitengeneza ndani ya taya, ganda la jino linaharibika likiwa bado halijatoka. Linakuja kuonekana na mabaka meupe, baadaye yanageuka kahawia. Mswaki hauhusiki. Nilikuwa na ticha alikuwa ananitoa darasani nikasugue meno na majivu kwa bomba, watoi wengine wakicheki. Nikaamini ni uchafu. Nikasugua na mkaa, nikasugua na limau, na nikiwa na miaka 16 nikatumia msasa wa fundi. Ganda la jino likiisha halimei tena, manze. Mpaka leo sibongi hii stori bila kuskia ule mlio wa msasa.

Nilipokalia hicho kiti mimi mwenyewe, dokta aliniambia wazi: rangi itapungua, haitaisha. Kwa meno kama yetu, jeli peke yake inaweza hata kufanya mabaka meupe yaonekane zaidi. So alianza kwa kutoa tabaka jembamba sana juu ya jino na dawa yenye asidi, mpira umefunika ufizi, alafu ndio jeli ikafuata. Mabaka ya ndani kabisa hufunikwa na vigae vyembamba, na hapo jino lazima lichongwe na doo iwe ndefu. Sikutaka. Yangu yalitoka rangi ya kahawa yakafika krimu, na baka moja limebaki mbele upande wa kushoto. Nililiacha.

Kwa hivyo mtu akitaka kukupakia jeli kwa saluni bila kukucheki mdomo, hepa. Muulize leseni. KMPDC, baraza la madaktari wa tiba na wa meno, wako na rejista mtandaoni. Andika jina ucheki kama lipo. Daktari wa ukweli hatakasirika.

Sisto yangu bado ako Njoro. Alipopata mtoi nilituma ganji ya tangi, tukaweka mifereji kwa mabati. Maji ya kunywa na kupika ni ya mvua. Kiangazi kikikaza wanachota kwa kioski yenye chujio la mifupa iliyochomwa, ile teknolojia Dayosisi Katoliki ya Nakuru imesukuma miaka mingi, ju kuchemsha hakutoi floraidi. Mtoi amefikisha miaka 7 na yale meno mawili ya mbele ya ukubwani yametoka. Juzi nimetumiwa video yake. Anacheka mdomo wazi kabisa, na mikono yote miwili imeshika hindi la kuchoma.