Machipukizi ya Mtama ni Sumu

Katika Bonde la Kilombero wakulima na wafugaji tunaishi pamoja. Baada ya mavuno, ng'ombe huingia mashambani kula mabua. Hapo uwe macho.

Mtama ukivunwa, mashina huchipua tena. Machipukizi hayo mabichi yana sumu. Majani na maganda mabichi ya muhogo yana sumu hiyo hiyo. Ng'ombe mwenye njaa akila mengi, mwili wake hushindwa kutumia hewa anayovuta. Hupumua kwa shida, hutokwa povu, hupepesuka na kuanguka. Anaweza kufa upesi sana.

Ufanye nini? Watoe ng'ombe wote shambani. Mwite bwana mifugo haraka. Ng'ombe akifa ghafla, usimchune wala usile nyama yake kabla hajapimwa. Huenda ni kimeta, na kimeta huua watu.

Sumu ya muhogo hudhuru watu pia. Mwaka 1985, wilayani Tarime, watu walipooza miguu kwa kula muhogo mchungu ulioandaliwa harakaharaka. Kwa hiyo menya muhogo, loweka siku tatu, kisha anika juani mpaka ukauke kabisa.

Chunga ng'ombe wako, chunga na chungu chako.