Kabla ya Kulipia Kundi la Kuogelea Lenye Kocha

Mkimbiaji anayejiandaa kwa mbio ndefu, mathalani Kilimanjaro Marathon kule Moshi, huhitaji siku za kuipumzisha miguu bila kuupumzisha moyo. Kuogelea humpa nafasi hiyo. Maji hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwili, magoti hayagongwi na ardhi, na wakati huohuo mapafu, mabega na mgongo hufanya kazi kwa bidii. Kwa sababu hiyo yapo makundi ya watu wazima wanaoogelea chini ya kocha kwa ada ya mwezi, aghalabu katika mabwawa ya hoteli, shule na klabu. Makala haya yanaeleza kile ambacho mlaji hukinunua hasa anapolipa ada hiyo.

Bwawa peke yake hupatikana kwa kiingilio cha siku, na bahari haina kiingilio. Ada ya kundi ni malipo ya jicho la kocha: mtu anayeona kwamba kichwa chako kimeinuka mno na miguu inazama, akakusahihisha kabla kosa halijawa mazoea. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza ni idadi ya waogeleaji kwa kocha mmoja. Kundi la watu 20 katika kipindi cha dakika 60 humpa kila mmoja wastani wa dakika 3 za kocha. Kundi la watu 8 humpa dakika 7 na nusu. Ada inaweza kuwa ileile. Omba kuhudhuria kipindi kimoja ukiwa mtazamaji, na uangalie kama kocha anatembea kando ya bwawa akiwafuata waogeleaji au ameketi na simu yake.

Matangazo mengi huchanganya huduma mbili zilizo tofauti. Darasa la wanaoanza humfundisha mtu kuelea, kutoa pumzi ndani ya maji na kusafiri umbali mfupi. Kundi la mazoezi huchukulia kwamba hayo unayajua tayari. Kocha hutoa programu, kwa mfano mita 50 mara 8 kwa mtindo huru na mapumziko ya sekunde 20 kati yake. Mtu asiyeweza kuogelea mita 50 bila kusimama, au kulala chali juu ya maji akapumzika, hafai kuingizwa katika kundi la pili, hata kama yeye mwenyewe anaona aibu kukaa na wanaoanza. Mtoa huduma anayepokea ada bila kumpima mteja majini, kwa maoni yetu, hastahili kuaminiwa.

Suala la usalama halitaki haya. Uliza nani anayeyatazama maji wakati kocha anazungumza na mtu mmoja. Bwawa linapaswa kuwa na mwokoaji asiye na kazi nyingine saa hiyo, boya la kurushia, na mtu anayejua kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua aliyezama. Kuwa mwangalifu zaidi na mazoezi ya kubana pumzi. Mtu akivuta pumzi nyingi za harakaharaka kisha akaogelea chini ya maji, hewa chafu ya kaboni hupungua mwilini, na hewa hiyo ndiyo inayomfanya ahisi haja ya kupumua. Oksijeni inaweza kumwishia akazimia bila dalili yoyote, na hata muogeleaji hodari huzama hivyo, kimya kimya. Kocha akiamuru zoezi la namna hiyo kama shindano, toka majini. Mwenye kifafa, pumu, shinikizo la damu au maradhi ya moyo apate kwanza ushauri wa daktari, kisha amwarifu kocha.

Kuhusu bwawa lenyewe, lazima chujio la sakafuni katika kina kirefu lionekane wazi ukiwa umesimama ukingoni. Lisipoonekana, hata mtu aliyezama hataonekana. Harufu kali inayowasha macho si ushahidi wa usafi. Mara nyingi huashiria klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo. Uliza pia urefu. Katika bwawa la mita 25, kwenda na kurudi mara 20 ni kilometa 1; katika bwawa la mita 18 ni mita 720 tu, na mabwawa mengi ya hoteli yalijengwa kwa ajili ya starehe.

Madai ya matangazo yapimwe. Kuogelea hujenga ustahimilivu wa moyo na mapafu, lakini kwa kuwa hakuielemezi mifupa uzito, hakuchukui nafasi ya kutembea au kunyanyua vitu vizito. Ahadi ya kuondoa kitambi katika wiki mbili ni ya kutiliwa shaka.

Mwisho ni fedha. Usilipe miezi sita kwa sababu ya punguzo kabla hujamaliza mwezi mmoja. Masharti yaandikwe: nini hutokea bwawa likifungwa kwa matengenezo, kocha akiondoka, au kipindi kikiahirishwa kwa radi wakati wa masika. Dai risiti. Fomu nyingi zina sentensi inayosema mteja anaogelea kwa dhamana yake mwenyewe. Isome, uliza maana yake, wala usiichukulie kuwa imemwondolea mtoa huduma wajibu wa uangalifu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na inataka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi. Ukitangaziwa kocha mwenye sifa fulani ukapewa mwingine, anza kwa kumwandikia mtoa huduma ukitaja tarehe, kiasi ulicholipa na unachodai. Asipojibu au asiporidhisha, wasilisha malalamiko kwa Tume ya Ushindani pamoja na nakala ya barua hiyo, risiti, fomu uliyosaini na picha ya tangazo lenyewe, ambalo ni vyema kulihifadhi tangu siku ya kwanza.